Fahamu Jinsi Peptidi Zinavyoshikamana na Chembe Nano za Fedha na Kuzifanya Ziwe Thabiti

Na Mwandishi Wetu

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, unaojulikana kwa kifupi kama UVIDA, ni miongoni mwa matishio makubwa ya afya ya jamii katika karne hii. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la The Lancet yalionesha kuwa vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na maambukizi ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Hali hiyo imewafanya wanasayansi kurejea katika silaha ya zamani, yaani madini ya fedha, na kuitafutia matumizi mapya kupitia nanoteknolojia.

Fedha si ngeni katika tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, daktari wa Kijerumani Carl Credé alianza kutumia tone la myeyusho wa naitreti ya fedha katika macho ya watoto wachanga ili kuwakinga dhidi ya maambukizi yaliyokuwa yakiwapofusha. Mwaka 1968, daktari Charles Fox wa Marekani aliitambulisha salfadayazini ya fedha, ambayo hupakwa katika majeraha ya moto. Leo fedha hutumika pia katika bandeji za vidonda na katika vichujio vya maji vya udongo wa kufinyanga.

Hata hivyo, fedha iliyosagwa hadi kufikia udogo wa nano ina tabia moja inayowasumbua watengenezaji wa bidhaa hizo, kwani chembe zake hazipendi kukaa peke yake. Zikiachwa bila ulinzi hugandana, huzama chini ya chombo na kupoteza sehemu kubwa ya manufaa yake. Miongoni mwa walinzi wanaochunguzwa ni peptidi, vipande vifupi vya malighafi ileile inayojenga protini za miili yetu. Makala haya yanaeleza jinsi peptidi zinavyoishika fedha, jinsi zinavyoituliza, na kwa nini namna ya kuishika ina uzito kwa usalama wa mtumiaji.

Chembe nano ya fedha ni nini?

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, ilhali chembe nano ya fedha kwa kawaida ina kipenyo cha kati ya nanomita 1 na 100. Chembe yenye kipenyo cha nanomita 10 ina atomi za fedha zipatazo 30,000 tu, na zaidi ya atomi moja katika kila kumi iko juu ya uso wake.

Hesabu ndogo inasaidia kuonesha maana ya jambo hilo. Gramu moja ya fedha ikiwa kipande kimoja cha mchemraba ina uso wenye eneo la sentimita za mraba zipatazo 1.25, yaani chini ya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Gramu hiyohiyo ikigawanywa kuwa chembe za nanomita 10, jumla ya nyuso zake hufikia zaidi ya mita za mraba 50, eneo linalokaribia chumba cha darasa. Kwa kuwa mabadiliko ya kikemia ya metali hutokea juu ya uso wake, fedha kidogo iliyogawanywa hivyo hufanya kazi kubwa kuliko uzito wake.

Chembe hizo zina tabia nyingine inayowasaidia watafiti. Mwanga unapozipiga, elektroni zilizo katika uso hutikisika kwa pamoja na kufyonza mwanga wa zambarau wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 400. Kwa sababu hiyo, maji yenye chembe nano za fedha zilizotawanyika vizuri huonekana ya manjano. Chembe zikianza kugandana, rangi hiyo hufifia na kugeuka kijivu. Mabadiliko ya rangi yanatosha kumwambia mtafiti kama chembe zake zingali thabiti.

Kwa nini chembe hugandana?

Atomi iliyo katikati ya kipande cha fedha imezungukwa na wenzake pande zote. Atomi iliyo juu ya uso ina upande mmoja ulio wazi, hivyo hubaki na nguvu ya kuvuta ambayo haijapata cha kushika. Chembe mbili zinapokaribiana, nguvu za mvutano baina ya molekuli huzivuta zikutane, na zikishakutana ni vigumu kuzitenganisha. Kwa upande wa nishati, uso mkubwa ni mzigo, na kugandana ni njia ya kuupunguza.

Njia iliyozoeleka ya kuzuia hali hiyo ni kuzivika chembe sitrati, chumvi inayotokana na asidi ya limau. Sitrati huupa uso wa kila chembe chaji hasi, na chembe zenye chaji zinazofanana husukumana. Kinga hiyo inatosha katika maji safi ya maabara, lakini ni dhaifu mahali penye chumvi. Ioni za chumvi huzizunguka chembe, hufunika chaji zao na kudhoofisha msukumano uliokuwa ukizitenganisha. Aidha, kloridi iliyomo katika chumvi hushikana na ioni za fedha na kutengeneza kloridi ya fedha, ambayo huyeyuka kwa shida sana katika maji.

Tatizo hilo si dogo. Maji ya dripu ya kawaida yana chumvi asilimia 0.9, kiwango kinachokaribia hali ya chumvi katika damu. Damu, jasho na majimaji ya kidonda yote yana chumvi. Chembe iliyo thabiti ndani ya chupa yaweza, kwa hiyo, kugandana mara inapogusa jeraha ambalo ilikusudiwa kulitibu.

Peptidi huishikaje fedha?

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Mnyororo ukiwa mrefu na kujikunja katika umbo maalumu huitwa protini. Mwili wa binadamu hutumia aina 20 za kawaida za asidi amino, na kila aina ina tawi lake la pembeni lenye tabia yake. Baadhi ya matawi hupenda maji na mengine huyakimbia, yapo yenye chaji chanya na yenye chaji hasi, na machache yana mapenzi ya pekee kwa metali.

Asidi amino inayoongoza katika kuishika fedha ni sisteini, kwa kuwa tawi lake lina salfa. Uhusiano wa fedha na salfa unafahamika hata majumbani, kwani bangili au kijiko cha fedha hubadilika na kuwa cheusi kutokana na salfa iliyomo hewani kushikana na metali hiyo na kutengeneza salfaidi ya fedha. Katika peptidi, salfa ya sisteini huachia atomi yake ya haidrojeni na kufunga kifungo imara na atomi za fedha zilizo juu ya chembe. Kifungo hicho hufanya kazi kama nanga, na sehemu iliyobaki ya mnyororo huelea kuelekea upande wa maji.

Sisteini haiko peke yake. Methionini nayo ina salfa, ingawa hushika kwa nguvu ndogo zaidi. Histidini hutumia naitrojeni iliyo katika pete yake, na lisini naitrojeni iliyo katika ncha ya tawi lake. Matawi yenye asidi huvutwa kwa umeme na sehemu za uso zenye ioni chanya za fedha, na yale yenye pete bapa, kama ya tirosini na triptofani, yaweza kujilaza juu ya metali.

Kila kimoja kati ya vishiko hivyo dhaifu huweza kuachia kwa urahisi. Nguvu yao iko katika wingi. Peptidi yenye asidi amino 12 yaweza kugusa uso mahali kadhaa kwa wakati mmoja, na kishiko kimoja kinapoachia, vingine bado vimeshika na humpa mwenzao nafasi ya kurudi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na ndivyo ilivyo katika kemia ya uso wa fedha.

Ushahidi kutoka maabara

Uthibitisho wa nguvu ya vishiko vingi ulipatikana mwaka 2002, pale Rajesh Naik, Morley Stone na wenzao wa maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani walipochapisha matokeo yao katika jarida la Nature Materials. Watafiti hao hawakubuni peptidi kwa kukisia. Walitumia mbinu iliyoanzishwa na George Smith mwaka 1985, ambayo baadaye ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2018. Katika mbinu hiyo, virusi wanaoshambulia bakteria hubadilishwa ili kila kirusi kibebe peptidi tofauti juu ya gamba lake, na mkusanyiko mmoja unaweza kuwa na mamilioni kwa mamilioni ya peptidi za aina mbalimbali.

Virusi hao huchanganywa na fedha, kisha fedha huoshwa. Wanaobeba peptidi isiyoshika huondoka na maji, na wanaobaki huzalishwa na kupimwa tena kwa mizunguko kadhaa. Miongoni mwa peptidi zilizobaki ni zile zilizopewa majina ya AG3 na AG4, kila moja ikiwa na asidi amino 12. Jambo la kuvutia ni kwamba hakuna kati yake iliyo na sisteini. Zina prolini, serini, tirosini na nyinginezo, zilizopangwa kwa namna inayoruhusu matawi mengi kugusa fedha kwa pamoja. Zaidi ya hayo, peptidi hizo zilipowekwa katika myeyusho wa naitreti ya fedha, ziliwezesha ioni za fedha kugeuka kuwa chembe za metali.

Njia ya pili ni ya kubuni. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool nchini Uingereza, wakiwemo Raphaël Lévy, Mathias Brust na David Fernig, waliwasilisha peptidi fupi ya asidi amino tano kwa ajili ya kulinda chembe nano za dhahabu. Peptidi hiyo inafahamika kwa herufi zinazowakilisha asidi amino zake, CALNN, na kila herufi ina kazi. Ya kwanza ni sisteini, ambayo ni nanga. Zinazofuata ni alanini na lusini, ambazo huyakimbia maji, hivyo peptidi jirani husogeleana na kujipanga kwa msongamano. Mbili za mwisho ni asparajini, zinazopenda maji, na ncha ya mnyororo hubeba chaji hasi. Mwaka 2005, kikundi cha Liverpool kilionesha kuwa peptidi hiyohiyo, ikichanganywa na molekuli nyingine ndefu inayopenda maji na yenye salfa, huzifanya chembe nano za fedha ziwe thabiti sana katika maji.

Kipimo cha uthabiti katika kazi za namna hii kina historia ndefu. Richard Zsigmondy, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925, alipima uwezo wa jelatini na vitu vingine kuilinda dhahabu kwa kuongeza chumvi na kutazama kama rangi nyekundu ya myeyusho inageuka buluu. Jelatini hutokana na protini ya ngozi na mifupa ya wanyama, na ndani yake mna minyororo ya asidi amino. Kwa maneno mengine, ulinzi wa chembe za metali kwa kutumia minyororo hiyo ulianza kupimwa zaidi ya karne moja iliyopita. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtafiti anaweza kuchagua kila pingili ya mnyororo.

Jinsi vazi la peptidi linavyotuliza chembe

Peptidi zikishashika, hulinda kwa njia tatu zinazosaidiana. Ya kwanza ni chaji, ambapo ncha zenye chaji moja huzifanya chembe zisukumane, kama ilivyo kwa sitrati. Ya pili ni nafasi. Minyororo inayopenda maji hujaa kuizunguka chembe, na chembe mbili zinapokaribiana minyororo hiyo hubanwa na maji yaliyo kati yake husukumwa nje, jambo linalohitaji nishati. Kwa kuwa kinga hii haitegemei chaji pekee, huendelea kufanya kazi hata penye chumvi. Ya tatu ni kuufunika uso wenyewe, ili oksijeni, kloridi na salfa zisiufikie kwa urahisi.

Vilevile, peptidi zaweza kushiriki tangu chembe inapozaliwa. Tirosini na triptofani, katika mazingira yanayofaa, hutoa elektroni kwa ioni za fedha na kuzigeuza kuwa atomi za metali. Atomi hukusanyika na kuwa mbegu, mbegu hukua, na peptidi zilizo karibu huushika uso na kupunguza kasi ya ukuaji. Hivyo mnyororo mmoja waweza kuzalisha chembe, kudhibiti ukubwa wake na kuivika vazi, bila kuhitaji baadhi ya kemikali kali zinazotumika katika njia nyingine.

Uthabiti uliopita kiasi nao ni tatizo

Swali muhimu zaidi kwa tiba ni namna fedha inavyoua vimelea. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani walizijaribu chembe nano za fedha katika mazingira yasiyo na oksijeni, ambapo haziwezi kuachia ioni, na kuona kuwa uwezo wake wa kuua bakteria ulitoweka kwa kiasi kikubwa. Matokeo hayo yalionesha kuwa muuaji mkuu ni ioni ya fedha inayotoka katika chembe, na chembe ni ghala linaloibeba.

Ioni hiyo huua kwa kushika salfa iliyo katika protini za bakteria, zikiwemo zile zinazohusika na upumuaji wa seli. Kwa hiyo salfa inayotuliza chembe ndiyo pia shabaha ya silaha yenyewe. Imethibitika katika maabara kuwa sisteini na molekuli nyingine zenye salfa zikiwa nyingi huishika fedha na kuizuia isiwadhuru bakteria.

Mbunifu wa peptidi, basi, anapaswa kupata kipimo cha kati. Vazi likiwa legevu, chembe hugandana kabla ya kufika kwenye kidonda. Likibana mno, ioni hazitoki na dawa hubaki jina tu. Likiwa la wastani, chembe hubaki zimetawanyika na ioni hutoka polepole kwa muda mrefu. Bidhaa mbili zenye kiasi kilekile cha fedha zaweza, kwa sababu hiyo, kutofautiana sana kwa nguvu na kwa usalama, na tofauti hiyo haionekani katika lebo inayotaja tu uwepo wa fedha.

Bakteria nao hutumia protini

Upo pia upande mwingine wa mapambano haya. Katika miaka ya 1970, bakteria wa jamii ya Salmonella waliokuwa sugu kwa naitreti ya fedha walibainika miongoni mwa majeruhi wa moto katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Uchunguzi uliofuata ulionesha kuwa bakteria hao walibeba jeni za kujilinda, na mojawapo hutengeneza protini iitwayo SilE, ambayo hunasa ioni za fedha kwa kutumia histidini na methionini, vishiko vilevile ambavyo wanasayansi huviweka katika peptidi zao.

Mwaka 2018, watafiti wa Jamhuri ya Cheki walichapisha katika jarida la Nature Nanotechnology jambo jingine la kutafakarisha. Bakteria wa E. coli na Pseudomonas aeruginosa waliokutana na chembe nano za fedha mara kwa mara walizidi kutoa flajelini, protini inayojenga mkia wao wa kuogelea. Protini hiyo ilizigandanisha chembe na kuzinyang'anya makali. Watafiti hao walibaini kuwa dondoo la maganda ya komamanga, linalozuia utengenezaji wa flajelini, lilisaidia kuuzima usugu huo.

Mifano hiyo miwili inaonesha kuwa protini yaweza kutuliza chembe au kuziangusha, kutegemea mpangilio wa asidi amino zake na mazingira yake. Inaonesha pia kuwa fedha, kama ilivyo kwa viuavijasumu, ikitumika ovyo inaweza kuwafunza bakteria namna ya kuikwepa.

Nini maana yake kwa mwananchi?

Kwanza, neno "nano" au "fedha" katika kifungashio si uthibitisho wa ubora. Kinachopaswa kuulizwa ni kama bidhaa imesajiliwa na kwa matumizi gani. Hapa nchini, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ndiyo yenye jukumu la kudhibiti ubora, usalama na ufanisi wa dawa na vifaa tiba, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia viwango vya bidhaa, vikiwemo vya chakula na vipodozi.

Pili, fedha ya kupaka juu ya jeraha chini ya uangalizi wa mtaalamu wa afya si sawa na fedha ya kunywa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua mwaka 1999 kuwa dawa za koloidi ya fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye ufanisi. Kuinywa fedha kwa muda mrefu kunaweza kuigeuza ngozi kuwa ya rangi ya kijivu yenye ubuluu, na kwa kawaida rangi hiyo haiondoki. Kwa upande wa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeeleza kuwa pale fedha inapotumika kudhibiti bakteria, kiwango cha hadi miligramu 0.1 kwa lita kinaweza kuvumilika bila kuhatarisha afya.

Tatu, eneo hili ni fursa kwa watafiti na wanafunzi wa sayansi. Barani Afrika tayari upo mfano wa Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa Kitanzania ambaye mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa chujio la maji linalotumia nanoteknolojia. Hatua ya awali ya kuchunguza uthabiti wa chembe za fedha hudai vifaa vichache, kwani myeyusho wa manjano, chumvi kidogo na jicho makini vyatosha kuonesha kama vazi limeshika.

Fedha ni metali ileile iliyowakinga watoto wachanga dhidi ya upofu zaidi ya miaka 140 iliyopita. Maarifa mapya yapo katika kuichagulia vazi, ili ifike panapohitajika, itoe ioni zake kwa kiasi, na isipotee njiani. Wananchi wanahimizwa kutumia bidhaa zilizothibitishwa na mamlaka husika, kuzingatia ushauri wa wataalamu wa afya, na kukumbuka kuwa matumizi sahihi ya dawa leo ndiyo yanayoilinda nguvu yake kwa kizazi kijacho.